Sahani ya Kiti cha Ishirini na Tatu

Kwenye yadi ya mabasi ya masafa marefu walimwita Mama Viti, na hakuna aliyejishughulisha kujua kama alikuwa na jina jingine. Jina hilo alilipata kwa mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkono mwembamba, na alikuwa na namna ya kuupenyeza katikati ya kiegemeo na mahali pa kukalia mpaka kiwiko kikapotea, kisha akautoa na kitu: sarafu, kitana, kiatu cha mtoto, siku moja meno ya bandia. Wenzake walipiga deki, wakafuta vioo, wakasema basi limekwisha. Yeye aliwaambia basi halijaisha mpaka viti vitapike.

Yadi ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyozaa mambo yote haya. Kitu kilichosahauliwa na abiria hupelekwa kwa msimamizi. Msimamizi hukigeuza, akaandika chini yake kwa rangi nyeupe isiyofutika namba ya basi na namba ya kiti, akakifungia kabatini miezi mitatu. Mwenyewe akija akataja basi na kiti, anapewa. Asipokuja, wafagiaji wanaitwa kugawana. Simu na miavuli mizuri haikuwahi kuifikia siku ya mgawo. Ilipotelea humohumo ofisini, na msimamizi hakuwahi kulowa mvua. Yaliyobaki yalikuwa makorokoro, na katika makorokoro hayo Mama Viti alichukua yale ambayo hakuna aliyeyagombania: vitu ambavyo watu hununua safarini ili wakumbuke walikokwenda, halafu wanavisahau njiani.

Nyumbani alikuwa na watoto wawili na kabati la kioo lisilo na kitu. Mumewe alipanda basi moja kati ya yale aliyokuwa akiyaosha, na begi moja mkononi, mwana wao wa kwanza akiwa na miaka minne na mimba ya wa pili ina miezi mitano. Alisema anakwenda kutafuta kazi, akifika atatuma salamu. Salamu mpaka leo ziko njiani. Miaka miwili alingoja, kisha akachoka kuwa mke wa mtu aliye njiani. Watoto akawaambia baba yao alikufa kwa homa, Kitinda, yule binti wa mwisho, akiwa bado ananyonya.

Uongo huo ulikuwa mdogo, na mama wengi wamesema mkubwa zaidi. Lakini mtoto ukishampa baba aliyekufa, atataka kujua alikuwaje alipokuwa hai. Mwana alipofika miaka saba alianza kuuliza. Mumewe alikuwa mtu wa kulala mchana na kulaumu chumvi. Utamwambia nini mtoto kuhusu mtu huyo? Jioni moja akaweka kengele ndogo ya shaba ndani ya kabati akasema, "Hii tulinunua na baba yenu, tulipokwenda milimani."

Basi ikawa hivyo. Kengele ya milimani, kobe wa mbao wa msituni, kisanduku cha kombe cha pwani. Kila kitu kilikuja na safari yake, na katika kila safari baba alikuwa mchangamfu, mkarimu, mwenye kofia. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa sahani nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, katikati imechorwa maporomoko ya maji, na jina la mahali penyewe kwa maandishi mekundu. Hiyo, alisema, waliinunua siku baba alipombeba mwanawe mabegani, wakapanda ngazi za mawe mpaka juu kabisa, ngazi mia na kumi, na mtoto akazihesabu zote kwa sauti. Mvua ikawanyeshea huko juu, Kitinda akalia mgongoni kwa mama. Ngazi zenyewe alizitoa kichwani. Kwenye picha maji yalitoka juu sana, naye akaona lazima watu walipanda kwa kitu.

Chini ya kila kitu alibandika kitambaa cha kijani kwa gundi ya viatu. Alisema ni ili visikwaruze rafu. Watoto walizoea kumngoja ofisini kwa msimamizi baada ya shule, mbele ya lile kabati la vilivyosahaulika, na alama zile nyeupe walizijua kama wanavyojua majina yao. Kwa hiyo akawakataza wasibandue kitambaa hata siku moja. Walikuwa watoto wa kusikia.

Halafu wakaanza kukumbuka. Mwana alikuwa na miaka tisa siku aliposimama mbele ya kioo akasema, "Mama, nakumbuka. Baba alikuwa na jasho shingoni. Nilimshika masikio nisianguke."

Masikio Mama Viti hakuwahi kuyataja. Alikuwa anakuna nazi, mikono ikasimama. Hapo ndipo alipopaswa kusema, na hapo ndipo pa kumlaumu, kama kuna mwenye moyo wa kumlaumu. Hakusema. Alifurahi. Aliona amempa mwanawe baba kamili, mwenye masikio. Kitinda naye, asiachwe nyuma, akasema yeye anaikumbuka mvua.

"Wewe ulikuwa umefungwa mgongoni, mvua uliionea wapi?" kaka yake alimtania.

"Niliisikia."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Mama Viti ilikwenda karibu miaka thelathini, tena yenye lami.

Mwana akawa mwalimu wa jiografia, na usiulize kwa nini. Sahani ile aliibeba darasani kila mwaka, akawasimulia watoto wa watu habari za ngazi mia na kumi. Hakuoa. Kitinda aliolewa mji wa mbali, akazaa wawili. Mwalimu alipofika miaka thelathini na nne tumbo likaanza kumjaa, macho yakawa ya manjano, na daktari akawaita ndani yeye na mama yake, akawaambia ini limeliwa, dawa iliyobaki ni ya maumivu tu. Akarudi kulala kwenye chumba alicholala utotoni, kabati la kioo likiwa mkabala na kitanda.

Wiki ya pili akasema, "Mama, nataka kwenda kwenye maporomoko."

"Maporomoko gani?"

"Sasa mama, yako mangapi? Ya kwetu."

"Safari ndefu ile, mwanangu. Na hali hiyo."

"Hali hii hata nikikaa hapa haigeuki. Nataka nikae kwenye zile ngazi kidogo, basi. Hizi safari nyingine nazijua kwa kusimuliwa na wewe. Ile naikumbuka mwenyewe. Baba ninayemjua mimi ni yule wa pale tu."

Mama Viti alitoka na beseni la maji machafu, akasimama nalo uani mpaka mikono ikauma. Siku tatu alizunguka na maneno kooni. Mara moja alifika mpaka ukingo wa kitanda, akasema, "Mwanangu, kuna jambo." Mwalimu akamtazama kwa yale macho ya manjano, akatabasamu, akasema, "Usinikataze tu." Naye akameza. Alijiambia maporomoko ni maporomoko, maji yatakuwepo, na mahali palipo na maji ya juu hapakosi ngazi. Mwoga hakosi hesabu ya kumfariji.

Wafanyakazi wa yadi walikuwa na haki ya safari moja ya bure kila mwaka. Msimamizi alipoona ombi lake alivua miwani.

"Miaka thelathini na moja hujawahi kuomba hata mara moja. Nilidhani unaogopa mabasi."

Hakuwa anayaogopa. Ila ukweli ni kwamba mama huyu, aliyelijua basi mpaka tumboni, hakuwahi kukaa ndani ya basi linalotembea nje ya mji ule. Saa ya kwanza ya safari alitapika kwenye mfuko, ya pili akatapika tena. Mgonjwa ndiye aliyemshikia mfuko.

"Mama, na zile safari zetu zote ulikuwa hivi?"

"Enzi hizo nilikuwa kijana," alisema, akafuta mdomo.

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa amepakata sahani, ameiviringisha kwenye taulo. Alitaka kuishika mkononi akiwa pale penyewe, alinganishe picha na maji. Mama alimtazama akicheka akaomba kimya kimya basi liharibike. Halikuharibika. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisafisha, na lilikuwa basi zuri.

Walifika alasiri. Getini palikuwa na kibanda, na kibandani mwanamke mnene mwenye sweta, anauza tiketi huku akifuma sweta nyingine. Mwalimu alimwomba awaelekeze kwenye ngazi.

"Ngazi gani?"

"Za mawe. Za kupandia mpaka juu."

"Hapa hapapandwi, kaka yangu. Hapa mtu anatokea juu moja kwa moja. Ukipita hiyo njia, hatua hamsini, unayaona maji yanaangukia kule chini. Kushuka hakuna, kupanda hakuna, ni jabali tupu."

"Labda zamani."

"Mimi niko kibanda hiki mwaka wa thelathini na nne. Kabla yangu alikaa mama yangu. Ngazi hazijapata kuwepo."

Kumbe uongo ukizeeka unamfuga aliyeuzaa. Mama Viti alimvaa yule mwanamke kama kwamba ametukaniwa marehemu. Alisema ngazi zilikuwepo, yeye alikuja na mumewe, alizipanda kwa miguu yake na mtoto mgongoni, na watu wa kukaa vibandani wasibishane na watu waliotembea dunia. Alisema mia na kumi. Alisema mwanawe alizihesabu. Muuza tiketi hakukasirika. Alimtazama mgonjwa, akamtazama mama, akashusha sindano zake.

"Haya mama. Basi nimesahau mimi."

Huruma ile ilikuwa mbaya kuliko ubishi, na Mwalimu aliiona. Walikwenda zile hatua hamsini polepole. Njia ilikuwa tambarare, yenye changarawe, na mwisho wake uzio wa chuma. Maji yalijitupa chini mbele yao kwa kishindo. Mwalimu alisimama ameshika uzio. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama jabali chini, kwa utaratibu, kama anasahihisha mtihani. Sahani hakuifungua.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, mama alikwenda jikoni kuomba maji ya moto. Aliporudi alimkuta mwanawe ameelekea ukutani, sahani iko ndani ya taulo pembeni ya mto. Juu ya shuka palikuwa na nyuzi mbili tatu za kijani. Aliziokota kwa mazoea ya kazi, akazitupa kwenye ndoo, wala hakuwaza.

Asubuhi, kwenye basi la kurudi, Mwalimu alimwomba kondakta kiti cha dirishani, upande wa kushoto, katikati ya basi. Viti vilikuwa tele. Mama akakaa naye. Njia nzima mwana alikuwa kimya, na mama akasema ni maumivu, akampa vidonge. Kwenye stendi ya mwisho yeye na kondakta walimshusha wakimshika makwapa, mikono yake ikining'inia mitupu.

Kesho yake Mama Viti aliliosha basi lile. Alianzia mbele kama kawaida. Kwenye kiti cha ishirini na tatu mkono uliingia mpaka kiwiko, ukagusa taulo, na ndani ya taulo ukingo mgumu wa duara. Kitu kilichosahaulika hukaa ovyo, kimeanguka upande, kimejikunja. Hiki kilikuwa kimesimamishwa wima, kimesukumwa kwa makusudi mpaka mwisho. Aliivuta. Kitambaa cha kijani hakikuwepo. Chini ya sahani, rangi nyeupe ilikuwa bado safi: 14/23.

Alikaa kwenye kiti kile na ndoo katikati ya miguu. Alijua sasa mwanawe alisoma nini jioni ile, na zile nyuzi zilitoka wapi.

Angeweza kuitia sahani kwenye mfuko aende nayo nyumbani. Lakini angeirudisha kabatini ingembidi aseme ameitoa wapi, na hayo ndiyo maneno aliyoyakimbia maisha yake yote. Akaipeleka kwa msimamizi. Msimamizi akaigeuza, akasema hii imekwisha kuandikwa, tena huu ni mwandiko wa yule mzee aliyekuwa msimamizi kabla yake.

"Andika tena," alisema Mama Viti.

Jioni alimpelekea mwanawe uji. Alimnywesha nusu kikombe kabla hajathubutu.

"Leo imeonekana sahani kwenye basi."

"Kiti cha ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Basi mwenyewe ana miezi mitatu." Mwalimu alifumba macho. Kisha akauliza, bila kuyafumbua, "Nilishika masikio ya nani, mama?"

Akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia begi na basi mpaka kengele ya shaba, kwa sauti ndogo, kijiko bado kiko mkononi. Alipomaliza, mwana aliuliza neno moja tu.

"Yuko hai?"

"Sijui, mwanangu. Sikuwahi kusikia."

"Ningejua, ningemtafuta. Miaka yote hiyo nilikuwa na miguu."

Mama Viti alingoja matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini mwana hakumtukana, wala hakugomba, wala hakukataa uji wake. Aliongea naye habari za dawa, za joto, za wanafunzi waliokuja kumwona. Habari za baba hakuzitaja tena. Kitanda akaomba kigeuzwe, kielekee dirishani, na mama akakigeuza mwenyewe. Kila jioni alikaa pale akisubiri neno la kumsamehe, au hata la kumlaani, chochote cha kushika. Halikuja. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini uchungu ule mwana aliujua mwenyewe, na alikufa nao wiki ya saba, saa tano asubuhi, mama akiwa kazini ndani ya basi namba tisa.

Kitinda alikuja kuzika, akabaki kumkalia mama yake. Siku zikapita. Miezi mitatu ilipotimia wafagiaji waliitwa ofisini, wakagawana chaja, kofia na chupa za chai. Sahani ilibaki mezani peke yake. Mama Viti akaichukua, safari hii ikiwa na alama mbili, ya zamani na mpya, namba za basi tofauti, kiti kilekile.

Alifika nayo nyumbani akaiweka mezani kifudifudi, alama zikitazama juu. Akafungua kabati. Alitoa kengele, akabandua kitambaa kwa kisu: 9/41. Kobe: 3/17. Kisanduku cha kombe: 14/6. Kitinda alisimama anatazama vile vitambaa vya kijani vikidondoka sakafuni.

"Mama, unafanya nini?"

"Hatukuwahi kwenda popote," alisema Mama Viti. "Baba yako hakufa kwa homa. Alipanda basi, wewe uko tumboni. Hivi vyote niliviokota. Kaka yako nimemwambia akiwa amebakiza wiki saba za kuishi. Wewe nakwambia mapema."

Alitegemea kilio. Kitinda alimshika mabega, akamkalisha kitini kama mtoto, akamvua kilemba kilichokuwa kimelegea.

"Una majonzi mama. Hujalala vizuri tangu msiba."

"Alama hizo hapo. Ulizijua tangu mdogo. Soma."

"Watu wanachora vitu."

"Hukuwa umezaliwa, Kitinda."

"Mimi naikumbuka mvua." Alisema hivyo kwa upole, na alipogeuka macho yake yalikuwa makali. "Kaka kaondoka. Unataka nibaki na nini?"

Usiku ule Mama Viti alilala, na ni kweli alikuwa hajalala vizuri siku nyingi. Alfajiri alipoamka kwenda kazini alisikia harufu ya gundi ya viatu. Kitinda alikuwa ameketi sakafuni, mkasi kando, amekata sketi yake ya kijani vipande vipande. Kengele ilikuwa imekwisha kubandikwa, kobe naye, na sahani alikuwa ameipakata, anaikandamizia kitambaa kwa kidole gumba, huku simu imebanwa begani. Alikuwa anaongea na wanawe, wanaojiandaa kwenda shule.

"Ndiyo, nakuja nayo," alikuwa anawaambia. "Babu yenu ndiye aliyeinunua. Alimbeba mjomba wenu mabegani, mjomba amemshika masikio asianguke. Ngazi mia na kumi, wanangu, na alizihesabu zote."

Mama Viti alisimama mlangoni na ndoo yake. Alifungua mdomo. Kisha akasikia upande wa pili wa simu mtoto mmoja ameanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, na mwenzake anamdakia, naye akashusha mtandio usoni, akatoka kwenda kuosha mabasi.